Teresina na Redio za Mlimani

Kila redio mpya iliyofika mezani kwa Teresina Ihure ilianza kwa kusema Kichina. Ukiiwasha tu, mwanamke aliyemo ndani alitaja namba ya chaneli kwa sauti kali kidogo, kama mwalimu anayeita majina ya darasa, na wateja walicheka. Teresina hakucheka. Alichomeka waya wake ubavuni mwa redio, ncha ya pili akaichomeka kwenye laptop yake yenye ufa, akasubiri safu za namba zijitokeze, na kabla hajagusa kitu kingine chochote alimnyamazisha yule mwanamke.

Meza yake ilikuwa mbele ya duka la Abdiqafar, pale Custom, soko la Juba, chini ya mwavuli uliopauka, kati ya muuza chaja na mashine ya kusaga karanga. Abdiqafar, Msomali wa Garissa, aliuza redio za upepo, zile ndogo za mkononi za kuzungumzia, za bei ya chini ambazo walinzi, madereva wa malori ya Nimule na mafundi wa minara hununua mbili mbili. Zikitoka kwenye boksi hazifai kitu. Zimejazwa masafa ya kiwandani, ambayo huenda ni ya polisi, huenda ni ya ndege, huenda ni ya mtu asiyependa kuingiliwa. Kazi ya Teresina ilikuwa kuyafuta hayo yote na kujaza yale ambayo mteja ameruhusiwa kwenye karatasi ya leseni, hayo tu. Asiyekuwa na karatasi alirudishwa, hata akibembeleza kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

"Mama Teresina, unanifukuzia wateja," Abdiqafar alimwambia mara nyingi.

"Wateja wako wakikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani Nesitu, mimi iko wapi? Iko nyumbani nalala?"

"Mimi niko, mama. Iko ni ya vitu."

"Mimi iko," Teresina alijibu, na kazi ikaendelea.

Kiswahili chake alikiokota Bweyale, Uganda, sokoni na kwenye foleni za chakula, na hakuwa na nia ya kukinyoosha kwa ajili ya mtu wa Garissa. Bweyale ndiko alikokulia ukimbizini, na ndiko alikojifunza redio. Akiwa na miaka kumi na tisa alipata kazi ya kufagia chumba cha mawasiliano cha shirika moja la misaada. Opareta wa hapo, bwana mmoja mvivu kutoka Lira, alimfundisha kupokea ujumbe ili yeye apate nafasi ya kutoka kwenda kunywa chai. Baada ya miezi sita opareta alikuwa Teresina, na yule bwana alikuwa mnywaji chai. Amani ilipotangazwa Teresina alirudi Sudan Kusini akiwa amembeba binti mchanga, Rejoice, akafanya kazi hiyo hiyo Juba katika ofisi tatu, hadi ofisi ya mwisho ilipofunga milango. Mumewe alikuwa amekwisha kufa kwa ugonjwa wa ini. Basi akajichukulia laptop kuukuu, waya mmoja na vipuri vya antena, akaenda Custom.

Waliishi Gurei, nje kidogo ya Juba, yeye na Rejoice, ambaye sasa alifundisha shule ya msingi. Mlango wao ulitazama Jebel Kujur. Miezi ya mvua, asubuhi nyingine, wingu dogo lilikaa juu ya ule mlima wa mawe, na Teresina alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akilitazama hadi jua lilipolifuta. Lilikuwa wingu jembamba, halikushuka hata nusu ya mlima. Lakini lilitosha kumnyima raha kutwa nzima.

Teresina hakuzoea joto la Juba kamwe. Alizaliwa Gilo, juu kwenye milima ya Imatong, ambako watu hujifunika blanketi mwaka mzima na maji ya ndoo asubuhi huuma vidole. Huko hulimwa viazi na kabichi. Huko kuna misonobari ambayo harufu yake hukaa kwenye nguo. Alipoondoka alikuwa na miaka tisa. Miaka zaidi ya thelathini ilipita bila kurudi, ingawa kutoka Juba ni safari ya siku mbili. Sababu alizozitoa zilibadilika kila mara: barabara, usalama, kazi, mtoto mdogo. Rejoice alikuwa ameshaacha kuuliza.

Sababu yenyewe ilikuwa dada yake, Juliet.

Mwaka wa 1992 vita vilipanda hadi Gilo. Mama yao alijitwisha mahindi, akamshika Teresina mkono, na Juliet, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akabeba ufuta na nguo. Walipanda mgongo wa mlima ulio juu ya kijiji pamoja na majirani, wakielekea Uganda kwa miguu. Walipofika juu, wakapumzika, mama akapapasa mizigo na kugundua kwamba sufuria imebaki nyumbani. Mahindi bila sufuria ni kokoto tu. Juliet akasema, "Naifuata mimi. Nakuja sasa hivi." Akateremka akikimbia, bila viatu.

Ukungu ukaingia. Uliingia kama unavyoingia Gilo, kwa ghafla, mpaka Teresina hakuuona mkono wa mama alioushika. Walisubiri. Mama aliita jina la Juliet hadi sauti ikakauka. Kisha bunduki zikasikika chini, na majirani wakamvuta mama, wakasema binti ni mkubwa, njia anaijua, atawafuata. Walitembea siku tatu. Juliet hakuwafuata. Mama alikufa Bweyale miaka tisa baadaye, na katika miaka hiyo yote, kila kundi jipya lilipoingia kambini, aliacha alichokuwa akikifanya na kwenda kutazama nyuso.

* * *

Siku ya Jumatatu, mwishoni mwa Oktoba, alikuja mezani kwa Teresina mwanamke kijana mwenye viatu vizito vya kupandia milima, na mfuko uliojaa redio. Jina lake lilikuwa Lillian. Alikuwa mfamasia, naye ndiye aliyeongoza kundi la watu wa Juba wanaopanda Jebel Kujur kila Jumamosi kwa kujifurahisha tu. Sasa walitaka kupanda Kinyeti, mlima mrefu kuliko yote nchini. Walikuwa na karatasi ya leseni yenye masafa mawili. Teresina aliisoma mara mbili, akairudisha bila kinyongo.

"Mama, boksi limeandikwa kilomita tano," Lillian alisema. "Zitatutosha?"

"Boksi halijapanda mlima."

"Kwa hiyo si kweli?"

"Kweli, kama mko uwanja wa ndege. Redio hii inasema na kile inaona. Kama mlima iko katikati, hata hatua mia mbili ni mbali."

Alianza kazi. Redio zilikuwa saba, za aina ile isiyo na kioo wala vitufe vya namba. Juu ina kifundo kimoja tu cha kuzungusha, chenye nafasi kumi na sita. Nafasi ya kwanza hadi ya kumi na mbili Teresina alizijaza masafa yale yale. Nne zilizobaki akazijaza yale ya pili, ya akiba.

Lillian, aliyekuwa akitazama kioo cha laptop, alidhani mama amekosea. "Mbona umerudia moja mara kumi na mbili?"

"Kwa sababu kifundo inageuka mfukoni. Mtu anaanguka, anakaa juu ya begi, kifundo inageuka, yeye hajui. Anaita, hakuna mtu anasikia. Sasa hata ikigeuka, bado iko na nyinyi."

Kisha akaondoa ile toni ambayo wengi hupenda kuiweka ili wasisikie maneno ya watu wengine. Toni huchuja, alieleza, na mtu mwenye betri dhaifu anaweza kuchujwa naye. Heri kelele za wageni. Akapunguza nguvu ya kurusha kwenye zile nafasi nne za akiba ili betri zidumu. Redio ya kwanza ikakubali, ya pili, ya tatu. Ya nne ikakataa mpaka alipoupangusa mdomo wa waya kwa shati lake.

Lillian alitandaza ramani ya karatasi pembeni mwa laptop. "Gari litabaki hapa, Katire, na dereva. Sisi tunapita Gilo, tunapanda huku. Nilitaka tuwe tunaongea na dereva."

Teresina aliitazama ramani kwa muda. Mistari yake ya kahawia ilibanana kama nywele za kichwani. Akaweka kidole.

"Hawawezi kusikia. Mgongo huu inaziba. Mtu mmoja akae hapa, juu ya Gilo. Huyu atasikia nyinyi, atasikia na dereva, atakuwa anarudia maneno."

"Umejuaje? Kwenye ramani hapo hapana hata jina."

"Nimekaa hapo."

"Lini, mama?"

"Zamani," Teresina alisema, akachomoa waya.

Lillian alikuja tena siku ya Alhamisi, safari hii bila mfuko. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kusema kwamba kundi limezungumza. Walihitaji mtu wa kukaa juu ya Gilo siku mbili na kurudia maneno, mtu anayejua redio na anayejua mahali. Wangemlisha na kumpa hema. Je, mama angekuja?

"Hapana," Teresina alisema. "Malesh, binti yangu. Samahani. Hapana."

Abdiqafar alikuwa amesimama mlangoni mwa duka akisikiliza, kama kawaida yake. Lillian alipoondoka alikuja na vikombe viwili vya chai ya maziwa, akamwekea Teresina kimoja.

"Mke wangu Luul yuko Garissa," alisema. "Namwona mara moja kwa mwaka. Leo nikiambiwa kuna lori, nitapanda hata juu ya magunia. Wewe umeletewa gari, chakula na hema, unasema hapana. Unaogopa nini, mama?"

Teresina hakuwa amewahi kumwambia habari za Juliet. Sasa alimwambia, kwa maneno machache, akitazama chai. Abdiqafar hakumsahihisha hata neno moja.

"Nikienda, na hayuko, basi hayuko," Teresina alisema mwishoni. "Nikikaa hapa Juba, huenda yuko. Unaelewa? Kila siku asubuhi, huenda yuko."

Abdiqafar alimaliza chai yake. Mashine ya karanga ilisaga, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Naelewa," alisema. "Lakini kama yuko, mama, naye anasema hivyo hivyo juu yako."

Jioni ile, Teresina alipofika Gurei, alimkuta Rejoice anasahihisha madaftari nje. Alimwambia anakwenda Gilo. Rejoice aliiweka kalamu chini, akaingia ndani, akatoka na sweta yake ya pekee, akamkabidhi mama yake.

* * *

Waliondoka wiki ya mwisho ya Novemba. Katika kizuizi kimoja kabla ya Torit askari aliziona redio, akataka kujua ni za vita gani. Teresina alitoa nakala ya leseni, akaiwasha moja, akamwachia askari aongee na Lillian aliyekuwa upande wa pili wa gari. Askari alifurahi, akawatakia safari njema. Katire waliliacha gari na dereva wao, Lado, wakamwachia redio moja, wakapanda kwa miguu hadi Gilo. Mwenyeji wa huko aitwaye Ohide alikuwa amekubali kuwaongoza.

Teresina alipanda nyuma ya wote. Mapafu yake ya Juba yalilalamika. Lakini walipoingia kwenye misonobari alisimama, na Lillian aliyegeuka kumtazama akadhani amechoka. Alikuwa ananusa mkono wa sweta.

Mahali pa nyumba yao palikuwa shamba la kabichi. Kisima kilikuwepo. Watu waliomsalimu walikuwa vijana, wengi waliozaliwa yeye akiwa ameshaondoka, na hakumuuliza yeyote lolote. Asubuhi alinawa uso kwa maji ya ndoo, yakamuuma vidole, na alibaki ameinama pale juu ya ndoo muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa uso.

Siku hiyo watu sita waliendelea na Ohide kuelekea Kinyeti. Teresina alipanda peke yake hadi kwenye mgongo wa mlima, akatandaza turubai kwenye nyasi, akafunga antena ndefu aliyoitengeneza kwa waya, akaita pande mbili.

"Lado, Lado, hapa Gilo. Unanisikia? Ova."

"Kwes, nakusikia vizuri, mama. Hapa kuna nzi tu. Ova."

"Lillian, Lillian, hapa Gilo."

"Tunakupata, mama. Tumefika kwenye mianzi. Koang ameshaanza kulalamikia miguu. Ova."

Usiku ule wenzake walilala kambini mlimani. Siku ya pili, saa sita mchana, sauti ya Lillian ilikuja ikihema na kucheka kwa pamoja: wamefika juu kabisa, wanaiona Uganda. Teresina alirudia maneno hayo kwa Lado, "Wamefika, wanaona Uganda," na baada ya kusema hivyo aliigeuzia Uganda mgongo wake, akatazama chini, kwenye kijiji.

Ukungu ulikuja saa tisa. Aliuona ukitoka bondeni, akajua. Aliita mara moja: "Lillian, ukungu inakuja. Shikaneni. Kila mtu amwone wa mbele." Lillian aliitika. Dakika ishirini baadaye sauti nyingine ilisikika, ya mbali, yenye kelele nyingi kama mvua juu ya mabati.

"Kuna mtu ananisikia? Ni Koang. Kuna mtu?"

Koang alikuwa kijana mrefu aliyekulia kambi ya Kakuma, mcheshi wa kundi. Sasa hakuwa na mzaha.

"Koang, hapa Gilo. Nakusikia. Sema."

"Mama! Siwaoni wenzangu. Niliacha njia kidogo nipige picha, nikageuka, kote ni kweupe tu. Nawaita hawajibu."

"Lillian, umesikia Koang? Ova."

"Hapana, mama. Tumesikia wewe tu. Koang yuko nyuma yetu... Kuol, ulikuwa naye nyuma, Koang yuko wapi?" Kisha Lillian kwa sauti nyingine: "Mama, hayuko."

Mgongo mmoja wa mlima ulikuwa katikati yao. Aliyewasikia wote wawili alikuwa mtu mmoja tu.

"Koang, kaa chini," Teresina alisema.

"Naona kama njia hapa mbele, mama. Nikiteremka kidogo..."

"Kaa chini! Watu wanakuja kwako. Ukitembea, watakuja kwa nani?"

"Nimekaa."

"Maji unasikia?"

"Nasikia."

"Mkono gani? Inalia kama nini? Kama mtu anamwaga, ama kama watu wengi wanaongea?"

Koang alifikiri. "Kulia kwangu. Kama watu wengi wanaongea. Na juu yangu kuna mwamba mkubwa, mweusi."

Teresina alifumba macho. Kulikuwa na vijito viwili upande ule. Cha kwanza huanguka mara moja, cha pili hupita kwenye mawe mengi madogo, na juu yake kuna mwamba ambao watoto walikatazwa kuupanda. Alikuwa ameupanda. Juliet ndiye aliyemvuta. Aliita Lillian, akamtaka ampe Ohide redio, na kwa lugha yao ya nyumbani, lugha ambayo alikuwa hajaisema kwa sauti kubwa kwa miaka mingi, alimwambia ni kijito kipi na mwamba upi. Ohide alielewa mara moja. Alisema ni mwendo wa saa moja na nusu kwa ukungu ule.

"Koang, wanakuja. Betri yako sasa inaisha. Wewe usiniite. Mimi nitakuita kila baada ya muda, wewe jibu neno moja tu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Usiache kuniita."

"Mimi iko hapa. Siendi mahali."

Alimwita mara tisa. Mara ya kwanza Koang alijibu, "Niko." Mara ya nne alijibu, "Baridi." Mara ya saba hakujibu, Teresina akaita tena, na "niko" ikaja, nyembamba, imechelewa. Mara ya tisa hakusema neno. Kulisikika mluzi wa Ohide ndani ya redio ya Koang, kisha vicheko, kisha mtu analia.

Walipomchunguza baadaye, kifundo cha redio yake kilikuwa kimegeuka hadi namba tisa. Hakujua kiligeuka lini.

* * *

Teresina alikuwa bado ameshika redio alipotambua kwamba nyuma yake amesimama mtu. Mwanamke wa umri wake, na kikapu cha kabichi mgongoni, ameloa kwa ukungu. Hakuwa amemsikia akifika.

"Nimekusikia ukiutaja ule mwamba tangu kule shambani," mwanamke alisema kwa lugha yao. "Nikasema, hilo ni neno la watu wa nyumba ya juu ya kisima. Hapa hakuna tena anayelitamka hivyo. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Odwa."

Mwanamke aliweka kikapu chini polepole. "Ihure," alisema, akimwita kwa jina lake la nyumbani. "Uliyekuwa hutaki kula maboga. Mimi ni Caroline. Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini."

Walishikana mikono, halafu hawakuachiana. Caroline hakusubiri aulizwe.

"Juliet alipanda na sufuria," alisema. "Siku ile ile. Ukungu ulikuwa umejaa, hakuwakuta. Akateremka, akalala kwetu. Kesho yake akapanda tena, akakaa papa hapa, akaipiga ile sufuria kwa fimbo, ili msikie, mjue njia ya kurudi. Siku tatu alipanda. Sisi tulikuwa tumejificha msituni, tuliisikia kutwa nzima. Baba yangu alimgombeza, akamwambia atatuletea askari. Hakuacha."

Teresina alitazama upande wa kusini. Siku ya kwanza tu walikuwa wameshavuka mgongo wa pili, na siku ya tatu walikuwa wameteremka upande wa Uganda. Yeye, katika watu wote, alijua sauti hufika wapi na huishia wapi. Alikaa kwenye nyasi.

"Halafu?"

"Halafu tulihama wote hadi Katire. Huko tukatawanyika. Juliet alikwenda Torit na wanawake wa kanisa. Baada ya hapo sijui, Ihure. Nisikudanganye. Sijasikia kwamba amekufa, sijasikia kwamba yuko hai."

Redio iliita. Lado, kule Katire, alitaka kujua kama watu wamepatikana, maana hakuna anayemwambia kitu. Teresina aliinua redio mdomoni.

"Wamepatikana," alisema. "Wote wako pamoja. Ova."

Caroline alikaa karibu yake, akamfunika na nusu ya shuka yake iliyoloa, na wote wawili wakangoja watu wateremke.

Aliporudi Juba, Abdiqafar alimwuliza kwa macho tu, na yeye alimsimulia yote, pamoja na sufuria. Abdiqafar aliingia dukani, akapanga upya rafu ambayo ilikuwa imepangwa. Jioni alipiga simu Garissa, akaongea na mkewe kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mwezi Februari Teresina alikwenda Torit, kwenye parokia. Katekista, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimfungulia kabati la vitabu vya ndoa na ubatizo. Huenda Juliet aliwahi kuwa bibi harusi wa mtu, au mama wa ubatizo wa mtoto wa mtu. Jina lake lazima liliandikwa mahali. Tangu hapo amekuwa akienda kila mwezi, Ijumaa kwa Jumamosi, na Jumamosi Rejoice hubaki mezani Custom, kwa kuwa amekwisha kujifunza kuwanyamazisha wale wanawake wa Kichina. Kazi inakwenda polepole. Karatasi zimeliwa na mchwa, mwandiko wa mapadri haufanani. Amewakuta akina Juliet wawili, mmoja wa Ikotos, mmoja aliyezaliwa mwaka usiolingana. Kila akifika kwenye jina linaloanza na J, kidole chake husimama kabla ya macho.

Mwezi uliopita alimaliza kitabu cha mwaka wa 1997. Kilichofuata hakikuwepo kabatini. Katekista alikumbuka kwamba kilibebwa na watu waliokimbia, na dhana yake ni kwamba kiko katika misheni nyingine, upande wa Ikotos, kama hakikuungua.

Teresina alifunga kabati, akapangusa vumbi mikononi, akamwuliza gari la Ikotos huondoka siku gani.

"Jumanne," katekista alisema. "Likijaa."

"Nitangoja lijae," Teresina alisema.